Robota na Roboti

Mlinzi wa kiwanda pale Pongwe aliandika kitabuni, saa moja na robo:
"Robota moja, limeingia na gari la chuo."
Nikamwambia, roboti. Akasema ndiyo, robota,
ila mbona halina singa?

Ulikuwa mkono wa viungo saba.
Miaka minne niliulea maabara,
penye taa zisizozimika na sakafu ya vigae,
ukichambua mkonge: hii ndefu, hii fupi, hii ina madoa,
ukikosea mara nne tu kwa mia.
Nikapata alama ya juu. Nikapigwa picha na joho.
Dokta Semhando akasema: sasa kauze.
Kama mtu anayekwambia, sasa kaoge.

Korona ilikuwa inanguruma, vumbi la kijani limetanda.
Dakika kumi na moja mkono ulifanya kazi.
Ya kumi na mbili, singa moja,
moja tu,
ilijisokota kwenye kiungo cha tano, ikakaza.
Moshi mdogo. Harufu ya plastiki.
Tasnifu yangu ina kurasa mia mbili na kumi;
singa hiyo haimo.

Mhina wa uhasibu hakuuliza habari za asilimia.
Aliuliza: kikiharibika Jumamosi usiku nampigia nani?
Spea zake Ngamiani zipo?
Na umeme ukikatika?
Nilikuwa na jibu moja, refu,
la swali ambalo hakuliuliza.

Kwa Guga, fundi wa kusuka mota za pampu,
tukaanza kuupunguza.
"Hiki kinafanya nini?"
Kinageuza kiganja.
"Mchambuzi hana kiganja?"
Anacho.
Akakifungua, akakiweka kwenye kopo la nati.
Cha saba, cha sita, kile cha tano chenye kovu,
hadi Ijumaa adhana ikatukuta na jicho,
taa tatu, na boksi la bati lililokuwa la betri.
Koo lilinikaba.
Guga akalipima kwa mkono mmoja:
"Hii sasa inabebeka."

Tukalitundika juu ya meza ya Mwantumu Kibwana,
miaka kumi na tisa anachambua.
Kijani, daraja la kwanza. Njano, la pili. Nyekundu, rudisha.
Vidole vyake vilifika kabla ya taa.
Jicho likikosea alibonyeza kitufe kwa kiwiko,
maana mikono ilikuwa imejaa,
akasonya, akaendelea.
Siku ya kwanza alibonyeza mara mia mbili na sita.
Siku ya ishirini, mara tisa.
Mimi nilikaa kwenye ndoo, naandika.

Bei niliikisia. Nilisema: pikipiki moja, mpya.
Mhina akasema: pikipiki, ila iliyotumika.
Tukakutana kwenye iliyotumika vizuri.
Chuo kikaleta mkataba wa hataza, muhuri juu ya muhuri:
chuo arobaini, mimi thelathini,
kampuni ishirini, maabara kumi.
Nikachapa ankara. Namba moja.
Niliandika sifuri mbili mbele ya ile moja
ionekane ina wenzake.

Mwantumu aliisoma ankara akiwa amesimama,
singa zimemganda kwenye kanga hadi magotini.
"Hiki kisanduku," akauliza, "kilisomea wapi?"
Hapa. Mezani.
"Kwa nani?"
Korona ilikuwa imezimwa kwa chakula cha mchana.
Nilisikia saa ya ukutani.
"Basi," akasema, akafunga upya kilemba,
"ada yake bado."

Nimeirudia hesabu humu garini:
arobaini, thelathini, ishirini, kumi.
Imejaa mia, imekazwa,
kama robota lililokwisha kufungwa kwa safari.

Nimeshuka.
Namwomba mlinzi mkasi.